Kukaa Mno Thelujini

Nilipoisoma "An Alpine Idyll" ya Hemingway (1927) mara ya kwanza, nilimwona yule mkulima mnyama tu. Mkewe kafa majira ya baridi, theluji imeziba njia ya makaburini, naye anamhifadhi kwenye banda la kuni, kisha anamtundikia taa mdomoni!

Safari hii nimewatazama zaidi wale wawili wanaotoka kuteleza kwenye theluji milima ya Silvretta, Austria. Ni Mei, jua limeshaiharibu theluji, wamechoka. Wamekaa mno huko juu. Hadithi yote imo humo: ukikaa na kitu mno, unakizoea. Bibi yangu alilala mochwari wiki tatu tukisubiri ndugu. Wiki ya pili tulishaanza kutaniana. Mkulima yule simhukumu tena.