Stesheni ya Lubunga na Picha Zake

Mtu aliye Kisangani akitaka kuiona stesheni ya zamani ya gari la moshi sharti avuke mto Kongo kwa mtumbwi au mashua mpaka Lubunga, ng'ambo ya kushoto, maana daraja hakuna. Wageni wengi hupenda kuipiga picha. Kutu juu ya chuma, majani kati ya reli, kimya. Picha hizo zapendeza. Mimi pia nimezitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Hata hivyo nasema kwamba zatudanganya.

Zatuonyesha mahali pa mwisho, kumbe pale palikuwa mlango. Juu ya Kisangani mto una maporomoko saba, meli haiwezi kupita. Kwa sababu hiyo kampuni ya CFL ilijenga reli ya kilometa 125 mpaka Ubundu, iliyoitwa zamani Ponthierville, ikafunguliwa mwaka 1906. Aliyetoka Léopoldville kwa meli alipanda gari Lubunga, akashuka Ubundu, akapanda meli tena mpaka Kindu, na huko gari jingine likamngoja. Mwaka 1915 reli ikafika ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa iko Kigoma, yenye reli yake ya kwenda Dar es Salaam. Picha ya behewa moja katika nyasi haisemi hata neno moja juu ya safari hiyo. Wala haisemi ni nani waliobeba mataruma na kukata msitu, nao hawakuwa wenye kampuni.

Lakini linaloniudhi zaidi ni jingine. Mwaka 1997 wakimbizi wa Rwanda walipiga kambi kandokando ya reli hii, Kasese na Biaro, na mwezi wa Aprili wengi waliuawa huko. Waliobaki wakaletwa Kisangani kwa gari la moshi ili warudishwe kwao. Tarehe 4 Mei watu walijazwa mno ndani ya mabehewa, na gari lilipofika, zaidi ya 90 walikuwa wamekufa kwa kukanyagwa na kukosa hewa. Basi mtu akiandika chini ya picha yake kwamba hapa pana utulivu wa kale, namwuliza: kale ipi? Waliozaliwa mwaka ule bado ni vijana.

Sisemi picha zisipigwe. Nasema mpiga picha angengoja kidogo, mpaka mtu apite mbele yake. Kwa miaka mingi gari halikuwa na saa za kutegemewa, na mizigo ya Ubundu imesukumwa kwa baiskeli katika njia mbovu ya msituni. Mwenye baiskeli haitazami reli ile kwa huzuni tamu. Huitazama kama mtu atazamavyo duka lililofungwa, na chumvi imemwishia nyumbani.