Hesabu ya Mja: Maandalizi ya Kifo katika Tamthilia ya Everyman

Aghalabu tamthilia ya Kiingereza iitwayo Everyman hutajwa katika historia za fasihi kuwa ni mahubiri yaliyopandishwa jukwaani, kisha ikaachwa papo hapo. Mtungaji wake hajulikani. Ni kazi ya mwishoni mwa karne ya 15, na wataalamu wengi huiona kuwa tafsiri ya Elckerlijc, tamthilia ya Kiholanzi iliyopigwa chapa mnamo mwaka 1495. Hukumu ya kuwa ni mahubiri tu haitoshi. Mahubiri humwambia mtu ajiandae. Tamthilia hii yamwonyesha mtu asiyejua kujiandaa, na ambaye muda wa kujifunza umekwisha kumponyoka.

Mungu amtuma Mauti kumwita Everyman aje na daftari lake la hesabu. Kitendo cha kwanza cha huyu aliyeitwa ni kutoa hongo: pauni elfu moja, ili shauri liahirishwe. Mauti hali rushwa. Basi huanza kutafutwa wa kusindikiza. Rafiki, aliyeahidi kufuatana naye hata jehanamu, arudi nyuma mara tu asikiapo safari yenyewe. Binamu asingizia kukakamaa kidole cha mguu. Hapa hadhira hucheka, na ni haki yake kucheka. Mali naye asema waziwazi kwamba akienda ataivuruga hesabu zaidi.

Lililo zito huja baadaye. Matendo Mema amelala chini, hawezi kusimama kwa uzito wa dhambi za bwana wake. Wako wahakiki wanaodai kwamba tamthilia hufundisha kuununua wokovu kwa sadaka. Mpangilio wa matukio wawakanusha. Matendo Mema hainuki ila baada ya mtu kuungama na kukubali kitubio. Wosia wake, ambamo nusu ya mali yaachwa kwa sadaka na nusu kurudishwa panapostahili, hufuata nyuma ya toba wala hauitangulii. Kwa hiyo maandalizi hayaanzi kwa kutenda. Huanza kwa kukiri kwamba yaliyotendwa hayatoshi.

Na ndipo mfasiri wa Kiswahili akutanapo na kizingiti. Anayemwongoza Everyman kwenda kwa Maungamo huitwa Knowledge. Akiitwa Elimu, msomaji wa Kenya, aliyelelewa katika heshima ya vyeti, atadhani kwamba mbinguni huingiwa kwa mtihani. Maarifa ni afadhali kidogo, lakini bado ni mali ya akili. Katika Kiingereza cha zama zile neno lile lilibeba pia maana ya kukiri na kutambua jambo, na muktadha wa toba waitaka maana hiyo hiyo. Utambuzi lingefaa zaidi. Si suala la msamiati mtupu: jina likikosewa, njia nzima ya kufia imani yapotoshwa, na mtu wa kawaida asiyesoma hubaki nje ya mlango. Neno hesabu, kwa upande wake, halimtaabishi mfasiri hata kidogo, kwani katika Kiswahili ni la dukani na ni la Siku ya Hukumu vilevile. Ama jina la mhusika mkuu, Kila Mtu ni tafsiri isiyo na uhai. Duro Ladipo, katika tamthilia yake ya Kiyoruba juu ya kisa hiki, alimwita Eda, yaani kiumbe. Mja lingekuwa jibu la Kiswahili.

Sehemu ya wasifu wa makasisi ni ndefu mno, ingawa huujaza muda ambao Mja yuko nje ya jukwaa akipokea sakramenti na mpako mtakatifu. Arejeapo, uchungu waanza upya. Uzuri, Nguvu, Busara na Fahamu Tano, walioapa kutomwacha, wamwacha kaburini mmoja baada ya mwingine, Uzuri akiwa wa kwanza. Hapa hapana kicheko. Waliokimbia mwanzo walikuwa watu na vitu vya nje. Hawa ni mwili wake mwenyewe, na waondoka akiwa ameshatubu. Toba haimwepushi mtu na kufa. Katika Al-Inkishafi mshairi auonya moyo wake kwa kuuonyesha magofu ya Pate, na magofu hayasemi. Huku mashahidi wana ndimi, na kila mmoja aaga kwa kinywa chake.

Matendo Mema peke yake ateremka pamoja naye. Utambuzi habanduki mpaka mwisho, lakini kaburini haingii: husimama ukingoni, akasikia malaika wakiimba, na ndiye awaambiaye waliobaki juu ya ardhi alichokisikia.