Jicho la Nyuma ya Moyo

Moyo uliosimamishwa hauvuji. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mpasuaji aliyekwisha kufungua kifua na kuiona valvu ya mitrali kwa macho yake hahitaji tena picha ya eko. Anachokiona ni valvu iliyolegea ndani ya moyo mtupu, damu ikizungushwa na mashine. Hata maji ya chumvi anayoyasukuma ndani ili kuijaribu hayafikii nguvu ya moyo unaopiga. Anayeiona valvu ikiwa kazini ni yule aliyekaa upande wa kichwa cha mgonjwa, mara nyingi daktari wa usingizi, aliyepitisha kipimo cha eko kinywani hadi kwenye umio. Umio umepita nyuma tu ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo, mahali ambapo mbavu na mapafu hayazuii mawimbi ya sauti.

Lakini kuona si kusoma. Dawa za usingizi hulegeza mishipa na kushusha shinikizo la damu, hata valvu iliyovuja sana mgonjwa akiwa macho ikaonekana inavuja kidogo. Fundi wa kuisoma eko haandiki matokeo hapo hapo. Kwanza hupandisha shinikizo kwa dawa, kisha hutazama upya. Rangi za kwenye skrini nazo huonyesha kasi ya damu, si wingi wake, na mkondo unaoambaa ukutani huonekana mdogo kuliko ulivyo. Picha za pande tatu zimerahisisha kujua ni sehemu gani imebinuka na kano gani imekatika. Uamuzi bado ni wa mtu.

Uzito wa uamuzi huo hudhihirika ukarabati ukiisha, moyo unapopiga tena wenyewe na kila mtu amechoka. Kipande cha mbele cha valvu kikivutwa na kuziba njia ya damu kutoka moyoni, mara nyingi hutosha kuongeza maji, kupunguza mapigo na kuacha dawa za kuusukuma moyo. Uvujaji ulio dhahiri wa ukarabati wenyewe hautibiki hivyo; hapo hubidi kurudi kwenye mashine na kukarabati upya. Wapo watakaosema kurudi kwenye mashine humdhuru mgonjwa, na ni kweli, misuli ya moyo huumia. Ila kumwacha na valvu mbovu ni kumwandalia upasuaji mwingine, au valvu ya chuma na dawa za kuzuia damu kuganda maisha yake yote, dawa zenye hatari kubwa kwa mama mjamzito. Homa ya baridi yabisi huharibu valvu za vijana wengi Afrika Mashariki, wakiwemo wanawake ambao bado hawajazaa.

Kifua kikishafungwa, kosa halirekebishiki tena bila kukifungua upya.