Namna ya Kumpima Barista wa Madai ya Majeraha

Nchini Uingereza, tofauti na Kenya na Tanzania ambako wakili mmoja humpokea mteja ofisini na pia kumtetea mahakamani, uwakili umegawanyika mafungu mawili: solisita, ambaye hupokea mteja na kuendesha jalada, na barista, ambaye hutoa ushauri wa kitaalamu, huandika hati za madai na husimama mbele ya jaji. Barista wa madai ya majeraha, yaani madai ya fidia ya mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine barabarani, kazini au hospitalini, husifiwa zaidi kwa ufasaha wake. Lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya madai haya humalizwa kwa maafikiano kabla ya kusikilizwa, anayetaka kuujua ubora wake hana budi kuanzia kwenye karatasi.

Karatasi hiyo ni jedwali la hasara, hati inayoorodhesha kila alichopoteza mdai na atakachokosa baadaye. Jedwali hafifu hutaja uangalizi wa nyumbani na kuuwekea kiasi kimoja cha fedha, ilhali la fundi hutenganisha saa za mchana na za usiku, hueleza ni nani anayemgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda, na halisahau kazi ya mke asiyelipwa, kwani kwa hukumu ya Hunt v Severs ya mwaka 1994 mdai hudai fidia ya uangalizi huo na kuishika kama amana ya anayemhudumia. Vivyo hivyo, mguu wa bandia hauhesabiwi mara moja, maana huchakaa, na aliyekatwa mguu akiwa na miaka 25 atahitaji mingi kabla ya uzee.

Hasara ya baadaye hupatikana kwa kuzidisha hasara ya mwaka mmoja kwa kizidisho kitokacho katika Majedwali ya Ogden, yaliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1984. Kizidisho hutegemea umri wa mdai na kiwango cha punguzo, yaani faida ya kila mwaka inayodhaniwa kwamba mdai ataipata, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, akiwekeza fedha alizolipwa kwa mkupuo. Kiwango hicho, kilichokuwa asilimia 2.5 tangu 2001, kilishushwa hadi hasi 0.75 mwaka 2017, kikawa hasi 0.25 mwaka 2019, na tangu Januari 2025 ni 0.5. Barista asiyeweza kueleza mabadiliko hayo yanamgusaje mtoto aliyeumia ubongo, hata awe na sauti ya radi, hajaiva.

Kuhusu kuwahoji mahakamani madaktari walioandika ripoti juu ya majeraha ya mdai, inatosha kusema kwamba maswali machache yanayotoka ndani ya ripoti yao hushinda saa nzima ya ukali.

Sifa iliyo ngumu kuiona ni ushauri juu ya maafikiano, kwa sababu mdai anayekataa pendekezo rasmi la mdaiwa, kisha asipate zaidi ya hapo kwa jaji, kwa kawaida hubebeshwa gharama za mdaiwa za tangu muda wa kulikubali ulipokwisha, na gharama hizo huweza kuimeza fidia yake. Barista mzuri hutaja kiwango cha juu na cha chini, pamoja na udhaifu wa ushahidi, kwa maandishi. Anayeahidi kiasi kikubwa bila kuonyesha hesabu asikabidhiwe jalada.