Sisso bila MC: bado ni singeli?

Mnaosema Sisso "ameharibika", nawaelewa. Huku Kasulu singeli tuliijua kwa maneno: gari linapanda kwenda Kibondo, MC anakimbiza mistari, abiria wanacheka. *Sounds of Sisso* (2017), iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilikuwa na MC wa aina hiyo, kutoka studio yake ya Mburahati, Dar. Ukifika *Singeli Ya Maajabu* (2024), aliyoifanya na Maiko, kinanda ndicho kinachoongea. Rafiki yangu aliizima kwenye wimbo wa pili: "Hii ya Wazungu."

Naona amekosea, ila siyo kote. Kinanda cha Maiko hakipambi mdundo; kinautania, kinaukatiza, kazi ileile ya MC. Na sisi tuliokulia kwenye ngoma za Buha tunajua mdundo unaweza kusema bila mtu kufungua mdomo.

Kilichopotea ni habari za kodi, mkopo, mama mwenye nyumba. Ucheshi umebaki, mtaa umehama. Hilo ndilo deni lake kwetu, siyo kasi wala kinanda. Hata hivyo isikilizeni tena, kwa spika kubwa, siyo ya simu.