Kiama cha Kasongo: Neno na Asili Yake

Katika Kurani, hasa sura ya 75, kiama ni siku ya kufufuliwa na kuhukumiwa. Asili ya neno hilo katika Kiarabu ni kusimama, si kuangamia. Kiswahili cha kila siku kimebakiza maangamizi na kuiacha hesabu. Tofauti hiyo si ndogo kwa mhakiki anayeliita kiama anguko la Kasongo mwaka 1893 na la Kabambare mwaka 1894, miji ya kusini mwa Maniema iliyotekwa na majeshi ya Mfalme Leopold. Kiama kwa nani? Kwa wafuasi wa Tippu Tip utawala ulikwisha. Kwa mateka waliobebeshwa pembe za ndovu (nao walikuwa wengi) hesabu haikufika: Dola Huru ya Kongo iliwatwika mizigo mingine.