Kichwamaji na Mawazo ya Watu wa Karatu

Euphrase Kezilahabi alifariki dunia Januari 2020, miezi miwili kabla ya mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Tanzania kutangazwa mkoani Arusha. Waliokisoma tena Kichwamaji (1974) kwa kumkumbuka walikisoma basi katika majira yaliyokifaa kupita yote. Swali ni kama walikisoma sawasawa.

Desturi ya wahakiki ni kulifanya jambo la Kazimoto kuwa la falsafa. Kijana wa chuo kikuu arudi kwao Ukerewe, dada yake apewa mimba na rafiki, kisha afa, misiba yafuatana nyumbani, ndoa haimtulizi, mwisho ajiua. Hayo yote huwekwa chini ya jina moja, udhanaishi, na Wafaransa wawili watatu huletwa kuwa mashahidi. Kisomo hicho si cha uongo, ila kina kasoro kubwa: chamgeuza Kazimoto kuwa hoja, na hoja haiugui. Mtu aliyekosa ladha ya mambo, ajitengaye kwa moyo na watu aketio nao, mwenye fikira zizungukazo mahali pamoja kama ng'ombe wa kupura, huyo ni mgonjwa kabla ya kuwa mwanafalsafa.

Karatu yaweza kuwafunza wahakiki jambo hili. Mji huo umekaa juu ya njia iendayo lango la Lodoare na Ngorongoro, na sehemu kubwa ya watu wake hula kwa mgeni apitaye: madereva, waongoza watalii, wapishi wa kambi, wauza vinyago. Aprili 2020 ndege za abiria kutoka ng'ambo zilizuiwa. Mei zikaruhusiwa, lakini wageni hawakurudi upesi. Mwaka 2019 watalii walioingia nchini walizidi 1,500,000; mwaka 2020 walikuwa kama 620,000 tu. Serikali haikuwafungia watu majumbani kama kwingineko, wala haikuwa lazima. Dereva asiye na safari hufungwa na kibaraza chake mwenyewe.

Mtu wa namna hiyo akiulizwa hali hasemi kwamba ana sonona. Neno hilo, lililotolewa katika kitenzi cha zamani, ni zuri, lakini bado ni la daktari na la ofisi. Yeye husema, "Nina mawazo." Na hapa ndipo ulipo ufunguo wa Kichwamaji. Kiswahili hutumia neno lile lile kwa kazi ya mwanafalsafa na kwa maradhi ya mtu asiyelala usiku. Wahakiki walisikia maana ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikifundishwa darasani. Ya pili ilikuwa ikisemwa kila siku mlangoni, isisikiwe. Ugumu wa riwaya, na utukufu wake pia, ni kwamba Kazimoto anayo mawazo kwa maana zote mbili, na hawezi kuzitenga.

Wairaqw, wenyeji wengi wa Karatu, walikuwa na desturi iitwayo metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo cha namna fulani ilitengwa: wenyewe hawakuingia kwa jirani, wala hawakushiriki chakula wala pombe na wengine. Ilikuwa desturi kali, na haifai kusifiwa ovyo. Walakini ilikuwa na jina, na ilikuwa na mwisho uliojulikana. Upweke wa Kazimoto hauna hata kimoja cha hivyo viwili. Upweke wa mwaka 2020 vivyo hivyo. Atakaye kuupa jina aogopa jina lililo karibu zaidi, yaani Mirembe, hospitali ya Dodoma ambayo imekwisha kuwa tusi katika vinywa vya watu.

Dosari moja ya kitabu haijatajwa vya kutosha. Kwa kuwa Kazimoto ndiye msimulizi, Sabina mkewe aonekana zaidi kwa macho ya mumewe, macho yaliyokwisha kupofuka kwa ugonjwa. Alijua nini? Aliona lini kwamba mumewe hasikii tena aambiwapo? Barua ya mwisho hujadiliwa sana kama wasia wa fikira za mwandishi. Sabina ndiye aliyebaki nyumbani baada yake.